Eti ulevi uko kwenye damu? Shangazi kauliza, jibu lake refu ndo hili

Mwezi uliopita binti wa kaka yangu kaposwa. Kijana mwenyewe kwao Muheza, ni fundi umeme hapa Tanga mjini, mtaratibu, hana maneno mengi, na kwao wameleta barua na kila kitu kama inavyotakiwa. Sasa kwetu posa haijibiwi siku ileile, barua ikishapokelewa wazee wanaomba muda halafu wanaanza kuulizia kimyakimya, huyu ni mtoto wa nani, kwao kuna ugonjwa gani, kuna wendawazimu, kuna ugomvi, kuna nini. Kazi hiyo kwetu ni ya shangazi. Akapanda basi asubuhi, akashinda Muheza siku nzima, akarudi magharibi amekunja uso, akakaa barazani kwetu Ngamiani, akavua ndara akasema neno moja tu, "Walevi."

Babu wa kijana alikuwa mgema, tembo akishalishusha mnazini anaanza kulionja yeye mpaka linamfikia mteja nusu. Baba wa kijana alikuwa dereva wa lori, akapata ajali mbaya njia ya Segera, utingo wake akamfia mikononi, na tangu siku ile hajawahi kupata usingizi bila gongo. Baba mdogo mmoja amekufa na ini. "Ulevi uko kwenye damu yao," shangazi akasema, "huyu mtoto wetu atakwenda kutuzalia walevi." Halafu akanigeukia mimi, kwa sababu nafundisha bailojia sekondari na kwake hiyo inatosha. "Wewe si ndo msomi wa mambo ya damu? Nijibu kwa neno moja, ulevi unarithiwa au haurithiwi?"

Kwa neno moja nilishindwa. Nikaanza kueleza, nilipofika kwa mapacha akaniambia chai yangu inapoa. Basi ninaandika, maana hili swali nimeshaulizwa na wanafunzi, na wazazi, na hata jamaa mmoja kijiweni aliyekuwa na chupa mkononi.

Kwanza tuelewane neno lenyewe. Kwetu mtu akionekana mara mbili anayumba barabarani basi ni mlevi, jina limemkaa mpaka kaburini. Lakini wanachokipima watafiti si kunywa wala kulewa, ni ile hali ya pombe kumshika mtu. Amepanga kunywa mbili anakunywa nane, anajua kazi itaota mbawa na bado anakwenda, kipimo cha mwaka jana leo hakimtoshi, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka azimue ndo aweze kushika kikombe. Hapo mwili wenyewe umeshabadilika. Na kwa vile nimegusa kutetemeka, niseme kabisa: mtu aliyefika hapo msimfungie chumbani eti aache leo leo, arosto ya pombe inaweza kuleta degedege na kuchanganyikiwa na inaua, huyo apelekwe hospitali akaachishwe kwa dawa.

Sasa turudi kwenye ule ukoo. Nikamuuliza shangazi, huyo mgema alizaa watoto wa kiume wangapi? Wanne. Wote wanakunywa? Akafikiri kidogo. "Aa, mkubwa wao ni mtu wa msikitini, hajawahi hata kuonja. Na yupo mwingine anakunywa sikukuu kwa sikukuu, mtu mzuri tu." Mnaona mambo hayo. Baba mmoja mama mmoja, nyumba moja, tembo lilikuwa linalala uvunguni, na watoto wanne wametoka njia tatu tofauti. Kama ulevi ungekuwa kwenye damu kwa namna anayoisema shangazi, yule wa msikitini katokea wapi? Na kama haumo kabisa, mbona wawili kati ya wanne wamekwama, wakati majirani zao waliokunywa tembo lilelile wameshaacha zamani?

Watu wa sayansi walikaa na swali hilohilo, na njia waliyoitumia ni mapacha. Mapacha wa kufanana wametoka yai moja, vinasaba vyao kimsingi ni vilevile, wasiofanana wamechangia kama nusu tu, sawa na ndugu wengine wowote. Wote wamelelewa nyumba moja. Kwa hiyo ukikuta mapacha wa kufanana wanafuatana kwenye ulevi kuliko wasiofanana, hiyo ziada inakupa fununu ya mchango wa vinasaba. Uchambuzi mkubwa uliotoka 2015 ulikusanya tafiti nyingi za mapacha na za watoto waliolelewa na familia nyingine, ukakuta mchango huo ni karibu asilimia 50. Na kabla ya hapo, 1973, kule Denmark walifuatilia wanaume ambao wazazi wao waliowazaa walikuwa walevi lakini wao walitolewa wakiwa wachanga wakalelewa na familia nyingine, wakakuta hao walikuwa walevi karibu mara nne kuliko wenzao waliolelewa vilevile ila wazazi wao wa damu hawakuwa walevi. Kwa hiyo shangazi hajakosea moja kwa moja, na mi sitaki kumwonea. Kitu kipo.

Ila hiyo asilimia 50 inaeleweka vibaya kuliko namba yoyote ninayoijua. Haina maana kwamba nusu ya watoto wa mlevi watakuwa walevi, wala haina maana kwamba nusu ya chupa anayokunywa jamaa inatoka kwa babu yake. Chukua nazi za mbegu za aina mbalimbali uzipande zote shamba moja lenye udongo mzuri, tofauti utakazoziona kati ya mnazi na mnazi karibu zote zitatokana na mbegu. Sasa chukua nazi zilezile, nyingine panda kwenye udongo mzuri, nyingine zipande juu ya mwamba, hapo tofauti kubwa utakayoiona ni ya ardhi na mbegu inakuwa kama haina kauli. Mbegu ni ileile, namba imebadilika. Ile asilimia inapima tofauti kati ya watu wengi, mahali fulani, wakati fulani, haimpimi mtu mmoja aliyeleta barua ya posa.

Haya, sasa kinachorithiwa ni nini hasa, maana hamna jeni iliyoandikwa "mlevi". Vinavyorithiwa ni vipande vipande, kila kimoja kinafanya kazi yake ambayo wala haikuwekwa kwa ajili ya pombe.

Kipande kinachojulikana vizuri kuliko vyote kiko kwenye ini. Pombe ikiingia, kimeng'enya cha kwanza, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali mwilini, kinaigeuza kuwa asetaldehaidi, ambayo ni sumu, halafu kimeng'enya cha pili, ALDH2, kinaigeuza hiyo sumu kuwa kitu cha kawaida ambacho mwili unakitumia. Zaidi ya theluthi ya watu wa Asia Mashariki, yaani China, Japani, Korea, wana toleo la ALDH2 ambalo ni zembe. Wakinywa kidogo tu sumu inajaa, uso unakuwa mwekundu, moyo unakwenda mbio, kichefuchefu juu. Mtu wa hivyo ulevi unamwogopa wenyewe. Miaka ya 1940 watafiti wawili wa Denmark, Jens Hald na Erik Jacobsen, walikuwa wanachunguza dawa ya minyoo, wakaimeza wenyewe kuijaribu, kisha wakagusa pombe wakaumwa hivyohivyo, na dawa hiyo, disulfiramu, mpaka leo wanapewa watu wanaotaka kuacha. Yaani walipata kwa kidonge kile ambacho wenzao wa Asia wamezaliwa nacho. Na sisi wa asili ya Afrika hatukuachwa nyuma, kwenye kimeng'enya kile cha kwanza, ADH1B, kuna toleo linalopatikana zaidi kwa watu wa asili yetu ambalo linaiharakisha ile hatua ya kwanza, na wenye nalo wameonekana kuwa na hatari ndogo kidogo ya kuwa watumwa wa pombe.

Lakini hata hiyo kinga ya Waasia si ukuta. Japani walipima watu waliokuwa wanatibiwa ulevi, 1979 wenye lile toleo zembe walikuwa asilimia 2.5 tu, 1986 wakafika asilimia 8, 1992 wakafika 13. Vinasaba vya taifa zima havibadiliki ndani ya miaka 13. Kilichobadilika ni maisha, desturi ya kunywa ilizidi nguvu mpaka wale ambao miili yao inawakataza wakawa wanakunywa huku wanaumwa.

Kipande cha pili ndo ninachokipenda, maana kinakwenda kinyume kabisa na maneno ya kijiweni. Sisi tunamsifu mtu mwenye kichwa kigumu, anayekunywa wenzake wameanguka yeye bado anahesabu chenji, tunasema huyo anaimudu pombe, pombe haimwezi. Daktari Mmarekani, Marc Schuckit, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 aliwakusanya vijana wa kiume kule San Diego, baadhi baba zao walevi, wengine hapana, wote wakiwa bado wazima, akawapa kipimo kilekile cha pombe na kuwaangalia wanavyoyumba na wanavyojisikia. Halafu akawafuatilia miaka kama 10. Kati ya watoto wa walevi, wale ambao pombe iliwagusa kidogo tu, asilimia 56 walikuja kuwa walevi. Wale ambao pombe iliwapiga haraka, asilimia 14 tu. Ukitafakari inaeleweka, king'ora kinachokuambia "basi, inatosha" kwa mwenye kichwa kigumu hakilii, kwa hiyo anakunywa zaidi ili asikie wanachosikia wenzake, anakaa na wanywaji, ubongo unazoea, siku zinakwenda. Kile tunachokipigia makofi ndo hatari yenyewe.

Sasa tuje kwa baba wa kijana, dereva, kwa sababu hapo ndo ukoo wenyewe unafungua mlango wa pili. Babu alikuwa anakunywa tembo kwa sababu lilikuwepo na lilikuwa tamu. Huyu dereva, kwa maneno ya watu wa Muheza wenyewe, kabla ya ajali alikuwa anakunywa bia zake mbili za Jumamosi. Kilichomwingiza kwenye gongo ni lori kupinduka na mtu kumfia. Anashtuka usiku, honi ikilia anaruka, akipita Segera jasho linamtoka, hataki kuizungumzia. Hicho ni kiwewe kilichogeuka ugonjwa, na kwetu tunakiita majina mengine, tunasema kapagawa, kaingiliwa, kalaaniwa na marehemu.

Mwilini inakwenda hivi. Hatari ikitokea, sehemu ya chini ya ubongo inayoitwa haipothalamasi inatoa kemikali ya kuamsha tezi ya pituitari, pituitari inatuma ujumbe kwenye damu mpaka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo, nazo zinamwaga kotisoli. Sukari inapanda, macho yanatoka, uko tayari kukimbia au kupigana. Na kotisoli hiyohiyo inarudi kwenye ubongo kusema jamani imetosha, zimeni. Kuwaka kwa king'ora si tatizo, tungekufa bila hicho. Ishu iko kwenye kuzima.

Kuna jeni inaitwa FKBP5 ambayo kazi yake iko hapo hapo kwenye kuzima, protini yake inapunguza uwezo wa seli kuisikia kotisoli. Wengine wana toleo ambalo stresi ikija linatengeneza protini hiyo kwa wingi zaidi, kwa hiyo ujumbe wa kuzima haufiki vizuri, king'ora kinaendelea kulia wakati mwizi keshaondoka. Mwaka 2008 timu ya Elisabeth Binder ilichapisha matokeo ya watu kama 900 wa hospitali ya umma ya mjini Atlanta, Marekani, wengi wao watu weusi wa kipato cha chini. Wakakuta matoleo hayo yenyewe peke yake hayatabiri nani atakuwa na dalili za kiwewe. Ila mtu akiwa nayo na pia aliteswa au kudhalilishwa utotoni, hapo dalili zinapanda sana. Jeni bila mateso kimya, mateso pamoja na jeni balaa. Na 2013 wakaonyesha kwamba kwa wenye toleo hilo walioteswa utotoni, alama fulani za kikemikali zinazokaa juu ya DNA na kuifunga zilikuwa zimeondoka pale kwenye FKBP5, yaani swichi imebaki wazi tangu utoto.

Ndo maana dereva mmoja anapata ajali, anaomboleza, anarudi barabarani, na mwingine anapata ajali ileile anakwama. Mtu akikwama tunasema ni mwoga au imani yake ndogo. Mapacha wa Kimarekani waliokuwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam, jozi 4,042, walichunguzwa na matokeo yakatoka 1993, mchango wa vinasaba kwenye dalili za kiwewe ukaonekana kuwa karibu asilimia 30, hata baada ya kuhesabu nani alipigana zaidi ya nani. Tafiti za baadaye za mapacha hao zikaonyesha kwamba sehemu ya vinasaba vinavyoongeza hatari ya kiwewe ndo hivyohivyo vinavyoongeza hatari ya pombe. Viwili hivi vimechangia mizizi, ndo maana mara nyingi utavikuta kwa mtu mmoja.

Lakini kuna utafiti wa karibu na kwetu ambao unanizuia kusema damu damu sana. Watafiti walikwenda kambi ya Nakivale, Uganda, wakazungumza na Wanyarwanda 424 walionusurika mauaji ya kimbari, wakahesabu kila mtu ameshuhudia matukio ya kutisha ya aina ngapi. Kadiri matukio yalivyozidi ndivyo wagonjwa walivyozidi, na kwenye kiwango cha juu kabisa karibu kila mtu alikuwa ameugua, mwenye jeni hii na mwenye ile. Kulikuwa na toleo la jeni lililofanya wengine waugue hata kwa matukio machache, sawa, ila mzigo ukiwa mkubwa kiasi kile hakuna damu ya kukuokoa. Mi huwa nawaambia wanafunzi wangu, binadamu wote wana mahali pa kuvunjikia, vinasaba vinabishana tu kuhusu ni kilo ngapi.

Kutoka kwenye kiwewe kwenda kwenye chupa safari ni fupi. Pombe inasukuma breki za ubongo na kupunguza mwendo wa zile kemikali zinazochangamsha, kwa hiyo kwa mtu ambaye king'ora hakizimi ile glasi ya kwanza ni kama mtu kaziba masikio yake kwa upendo. Usingizi unakuja. Tatizo pombe inakopesha, haitoi bure, usiku wa manane ikianza kuisha mwilini usingizi unakatika na ndoto zinarudi kwa fujo. Ubongo nao ukizoea breki za bandia unalegeza zake, siku ukikosa pombe kila kitu kinakwenda kasi, na kemikali ileile iliyoanzisha king'ora cha stresi inapanda ndani ya sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu. Sasa jamaa hanywi kwa raha tena, anakunywa ili arudi sifuri. Yule dereva ukimwona saa 12 asubuhi anatafuta gongo usidhani anafuata starehe, starehe ilishaisha miaka.

Kuhusu utoto kuna utafiti mwingine wa San Diego uliotoka 1998, uliwauliza maelfu ya watu wazima yaliyowapata wakiwa wadogo, kupigwa, kudhalilishwa, kuona mama anapigwa, kuishi na mlevi ndani na mengine ya namna hiyo. Waliopitia aina 4 au zaidi, hatari yao ya ulevi, dawa za kulevya, sonona na kujaribu kujiua ilikuwa kati ya mara 4 na mara 12 kulinganisha na ambao hawakupitia lolote. Tazama hapo, kuishi na mlevi ndani. Kwa hiyo mtoto wa mlevi anapokea vitu viwili kwa mkono mmoja, vinasaba na nyumba, na ukimwangalia tu huwezi kutenganisha kipi kimefanya nini. Shangazi anaona damu, kumbe kinachopita kutoka baba kwenda mtoto ni mkanda wa kiunoni pia.

Na niwaonye kidogo na vichwa vya habari. Mwaka 1990 ilitangazwa kwa kelele kwamba jeni ya ulevi imepatikana, ilihusu kipokezi cha dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu, wenzao walipojaribu kurudia wengi hawakuiona. 2003 ikaja nyingine ya serotonini, kemikali nyingine ya ubongo, kwamba ndo inaamua nani stresi itamletea sonona, ikafundishwa vyuoni miaka na miaka, halafu 2019 uchambuzi mkubwa ukachukua jeni 18 zilizokuwa maarufu kwa sonona, ile ikiwemo, ukakuta hazifanyi vizuri kuliko jeni yoyote uliyookota ovyo. Hata hizo habari za FKBP5 na za Nakivale nilizowapa msizibebe kama msahafu, ni tafiti za watu mamia tu. Siku hizi wanachukua DNA za watu zaidi ya milioni moja kwa mpigo, na 2023 walipata maeneo 110 kwenye vinasaba yanayohusiana na unywaji wenye matatizo, kila eneo likichangia chembe ndogo sana. Mia moja na kumi, na bado hawajamaliza. Na wengi kwenye hizo data ni watu wa asili ya Ulaya, sisi ambao bara letu lina tofauti nyingi za vinasaba kuliko jingine lolote tumo wachache, kwa hiyo mtu akikuuzia kipimo cha kutabiri ulevi wa mtoto wako hapa Tanga, anakuuzia upepo.

Kuna na ile stori nyingine inayopendwa, kwamba kiwewe cha mababu kinarithiwa moja kwa moja, na pwani hii, na Pangani yetu na Bagamoyo na misafara ya watumwa, utasikia mtu anasema tunakunywa kwa sababu ya minyororo. Panya wa Montreal ndo walioianzisha hamu hii, 2004 ilionyeshwa kwamba watoto wa panya waliolambwa sana na mama zao wanakuwa na swichi za stresi zilizokaa vizuri maisha yao yote. Nzuri sana, ila hapo ni malezi, ukimhamisha mtoto kwa mama anayelamba anabadilika na yeye. Kwa binadamu kuna utafiti wa 2016 wa watoto wa Wayahudi walionusurika mauaji ya Hitler, sampuli ndogo, watu makumi tu, na wengi wameuhoji. Mi nadhani historia inapita zaidi kupitia umaskini na ngumi na ukimya kuliko kupitia alama za DNA. Ukitaka kuiona kwa macho panda Lutindi, kule milimani Korogwe, pale palianza 1896 kama makao ya watoto waliookolewa utumwani, 1904 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili, na mpaka leo ndo kazi yake. Mlima uleule.

Jioni ya pili shangazi alikuja na swali la maana kuliko la kwanza. Kama iko kwenye vinasaba, mbona Ramadhani baa nyingi zinapoa na nusu ya walevi wa mtaa wanakuwa watu wazima? Nikamwambia ndo hapo sasa. Kinasaba hakinunui pombe, pombe ina bei, ina umbali, ina macho ya watu. Viroba, ile pombe kali ya vipakiti, vilipopigwa marufuku Machi 2017 hakuna mtu aliyebadilishwa damu, ila yule kijana aliyekuwa anaweka vitatu mfukoni akienda bodaboda ikabidi atafute pesa ya chupa. Na wale wachache ambao hata Ramadhani wanashindwa, wanaojificha nyuma ya nyumba mchana na baada ya futari wanatetemeka, hao ndo niliowataja mwanzo, hao wanahitaji daktari na si mawaidha. Hata yule dereva bado ana njia, kuna matibabu ya kuzungumza ambayo yanamrudisha mtu kwenye lile tukio taratibu mpaka king'ora kizoee, na yanasaidia bila kujali babu alikuwa mgema. Hakuna aliyempeleka. Walimpeleka kwa mganga, akachinjiwa kuku, akarudi akanywa.

"Kwa hiyo?" shangazi akauliza. Nikamwambia kwa hiyo huyu kijana anaweza kuwa na hatari zaidi ya mtoto wa jirani, na bado watoto wengi wa walevi hawawi walevi, na kama angeniuliza mimi nisingeulizia babu, ningeulizia aliona nini baba yake alipoanza kulewa, alikuwa na miaka mingapi, alikuwa na nani wa kumkimbilia. Akanyamaza. Halafu nikamuuliza, hivi kijana mwenyewe anakunywa? Akashika kichwa. Siku nzima Muheza, nyumba saba, hakumuuliza mtu hilo.

Ijumaa baada ya swala kijana akaitwa, akaja na kanzu yake, shikamoo bibi, shikamoo baba, akapewa chai. Shangazi hazungushi. Akamuuliza palepale.

"Nilijaribu mara moja bibi, nikiwa chuo," kijana akasema, macho chini. "Wenzangu wote walilala sakafuni, mi wala sikusikia kitu, nikaishia kuwafunika mashuka. Nikaona upuuzi, nikaacha."

Kaka yangu akacheka, akampiga begani, huyu kijana ana kichwa bwana. Shangazi hakucheka. Aliweka kikombe chini, akanitazama.